Shahamu ya Habili

Kaini alileta mazao ya ardhi. Habili akaleta wazaliwa wa kwanza wa kondoo wake, na pamoja nao kitu kingine. Kitu hicho ndicho kinachobishaniwa hapa. Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, tafsiri tunayoiita Septuaginta, walikiita stear, tena kwa wingi. Watafsiri wa kwetu wamekiandika kwa namna mbalimbali, na kila namna ina watetezi wake.

Sauti zilizo hapa chini nimezipanga mimi: mchungaji, mwalimu wa Kigiriki, ustadhi, na mzee mwenye bucha ambaye hakualikwa kama mtaalamu lakini hakukubali kunyamaza. Watu ni wa kubuni. Hoja zao nyingi zimewahi kusemwa na watu wa kweli, baadhi yao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Pale nitakaposhindwa kuvumilia nitaingilia.

Mchungaji: Mimi sioni fumbo. Habili alitoa kilichonona, Kaini akatoa kilichokuwepo. Mafuta hapo ni njia ya kusema "bora". Hata Farao, katika Mwanzo 45, anawaahidi ndugu zake Yusufu kwamba watakula mafuta ya nchi. Nchi haina mafuta ya kukaangia, Mwalimu. Ina rutuba.

Mwalimu: Na hapo hapo uliposhika ndipo ninapokushika mimi, Mchungaji. Kiebrania kina neno lile lile kwa Habili na kwa Farao, heleb. Mtafsiri wa Kigiriki hakuandika neno lile lile. Kwa Habili kaandika stear. Kwa Farao kaandika muelos, yaani uboho wa nchi. Nenda Hesabu 18, panapotajwa heleb ya mafuta ya zeituni, ya divai na ya nafaka: kaandika aparkhe, malimbuko. Alijua tofauti ya shahamu na "kilicho bora". Palipo na mnyama aliandika stear, na pasipo na mnyama akatafuta neno jingine.

Mchungaji: Kila mahali?

Mwalimu: Karibu kila mahali katika Torati. Kumbukumbu la Torati 32 ina ngano yenye "stear ya figo", lakini huo ni wimbo, na wimbo una ruhusa yake.

Ustadhi: Ngano yenye figo! Hata huyo mtunzi, basi, alipotaka kuisifu ngano alikwenda kuazima kwenye tumbo la kondoo.

Mwalimu: Ndiyo maana yangu, Ustadhi. Stear kwa Mgiriki haikuwa mafuta kwa ujumla. Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliandika juu ya miili ya wanyama na akayagawa mafuta yao mafungu mawili. Pimele ni laini na haigandi, na mfano wake ni ya nguruwe. Stear huganda ikipoa na hukatika vipande, nayo ni ya wanyama wenye pembe, wale wasio na meno ya mbele kwenye taya la juu.

Mzee: Hilo tu ndilo kaliandikia kitabu? Pika supu ya mbuzi, iache mezani uende ukaoge. Ukirudi ina gamba jeupe. Supu ya kuku haikufanyii hivyo. Na shahamu ngumu kuliko zote ni ya figo. Hiyo unaimenya kwa vidole bila kisu.

Mzee yuko sahihi, na sababu yake ilifahamika baadaye sana. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hucheua. Majani wanayokula yana mafuta laini, lakini bakteria walio katika tumbo la kwanza huyageuza kuwa mafuta magumu kabla hayajaingia mwilini. Sehemu kubwa ya ugumu huo inatokana na asidi ambayo kemia huiita stiariki, inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 69 hivi. Jina hilo limetoka kwenye stear: Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapa mwaka 1823 kitabu kizima juu ya mafuta ya wanyama, na neno la kale likaingia maabara. Sasa soma Mambo ya Walawi 7, ambapo Waisraeli wanakatazwa kula shahamu. Wanyama wanaotajwa ni watatu: ng'ombe, kondoo, mbuzi. Wote hucheua. Watafsiri wa Aleksandria hawakujua bakteria wala asidi, ila neno walilochagua linalingana na sheria.

Mchungaji: Linalingana mpaka unapokutana na Egloni.

Mzee: Nani huyo?

Mchungaji: Mfalme wa Moabu, katika Waamuzi 3. Mtu mnene kupita kiasi. Ehudi alimchoma upanga tumboni, mafuta yakafunga juu ya upanga, hata mpini haukuonekana. Septuaginta inayaita mafuta hayo stear. Egloni, Mwalimu, hakuwa na pembe.

Mwalimu: (anacheka) Nakupa Egloni. Ila Waamuzi ilitafsiriwa na mkono mwingine, baada ya Torati. Kadiri unavyosogea mbele, neno linalegea. Ukifika Zaburi 81 unakuta stear ya ngano bila hata figo. Mimi nasimama kwenye Torati.

Mchungaji: Nami nasimama kwenye mstari mmoja tu, wa Habili. Pale, mafuta ni sifa ya wale wanyama. Kachagua walionona.

Mwalimu: Mafaqihi wa Kiyahudi walishabishana hivyo hivyo. Katika Talmudi, kitabu cha Zevahimu, swali ni kama watu wa kabla ya Musa walitoa sadaka za amani, zile ambazo shahamu huteketezwa na nyama huliwa na mwenye kutoa. Mmoja akasema walitoa, ushahidi ni Habili: kama shahamu imetajwa peke yake, basi ilitolewa peke yake. Mwenzake akajibu kama wewe, kwamba maana yake ni wanyama walionona. Hawakupatana.

Ustadhi: Naomba nirudi nyuma kidogo, maana mnabishana juu ya shahamu kana kwamba ni hakika. Nimesikia kuwa Habili alileta maziwa.

Hapa Mchungaji aligeuka. Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala unapoanza kweli. Yaliyotangulia yalikuwa kunoa kisu.

Mwalimu: Umesikia sawasawa. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1 BK, anasimulia kisa cha Kaini na Habili katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, na anasema Habili alileta maziwa na wazaliwa wa kwanza wa mifugo. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu. Herufi za heleb, shahamu, ndizo hizo hizo za halab, maziwa. Alama za irabu tunazoziona leo ziliongezwa karne nyingi baada ya Yosefo. Aliyesoma kwa sauti ndiye aliyeamua.

Mchungaji: Yosefo alikosea mara moja, tusimjengee nyumba.

Mwalimu: Si yeye peke yake. Fungua Zaburi 119, mstari wa 70. Kiebrania chetu kinasema moyo wa wenye kiburi umenenepa kama shahamu. Septuaginta inasema moyo wao umeganda kama maziwa. Fungua Ezekieli 34, pale wachungaji wa Israeli wanapokaripiwa. Kiebrania: mnakula shahamu. Septuaginta: mnakula maziwa. Herufi ni zile zile, macho mawili, na wasomaji wote walijua kazi yao. Kwa hiyo mtafsiri wa Mwanzo alipoandika stear hakuwa ananakili. Alikuwa anahukumu.

Mchungaji: Na kahukumu haki. Mtu haleti maziwa pamoja na mwanakondoo.

Mzee: Kwa nini asilete? Samahani, Baba Mchungaji, wewe umefuga?

Mchungaji: Kuku.

Mzee: Kondoo hana maziwa mpaka azae. Siku anapozaa mara ya kwanza ndiyo siku maziwa yanashuka mara ya kwanza. Mzaliwa wa kwanza na maziwa ya kwanza vinakuja pamoja, mfugaji yeyote atakwambia. Mtu akisema "nimeleta uzao wa kwanza na maziwa yake", nitamwelewa kabla ya kumwelewa anayesema "nimeleta kitoto cha kondoo na shahamu yake". Kitoto kina shahamu gani? Shahamu inataka mnyama aliyekaa akala.

Nakiri hoja hiyo sijaikuta kwa mfafanuzi yeyote niliyemsoma, na ni nzuri. Inaungwa mkono na jambo jingine katika kitabu chenyewe. Katika Mwanzo 1 binadamu anapewa mimea iwe chakula chake. Nyama anaruhusiwa katika sura ya 9, baada ya gharika. Kama Habili alikuwa haruhusiwi kula nyama, kondoo alikuwa anawafugia sufu, ngozi na maziwa, na ingekuwa kawaida atoe katika kile alichokitumia.

Mwalimu: Na tazameni kisichokuwepo katika mstari ule. Hakuna madhabahu. Hakuna moto. Hakuna kitenzi cha kuchinja. Habili "alileta", basi. Picha za kanisani zinamwonyesha na mwanakondoo juu ya mawe na moshi unapanda moja kwa moja; moshi huo wote umetoka kwenye neno moja. Ukisoma maziwa, Habili ana kibuyu mkononi na mwanakondoo mzima anatembea pembeni yake. Ukisoma shahamu, lazima mtu amechinja, amepasua, ametoa vipande. Neno stear ndilo lililompa Habili kisu.

Ustadhi: Basi damu ya kwanza kumwagika duniani inakuwa ya kondoo, kabla ya ile ya Habili mwenyewe.

Mchungaji: Naam! Na hilo ndilo tunalolihubiri. Waebrania 11 inaiita sadaka yake dhabihu.

Mwalimu: Inaiita thusia, kweli, tena iliyo bora kuliko ya Kaini. Lakini rudi kwenye Septuaginta ya Mwanzo 4, utashangaa. Pale kilichoitwa thusia, dhabihu, ni cha Kaini, yale mazao yake. Cha Habili kinaitwa dora, zawadi. Kiebrania kina neno moja, minha, kwa wote wawili, Mgiriki kaligawa. Yule mwenye mboga ana dhabihu, mwenye shahamu ana zawadi. Filo wa Aleksandria, Myahudi aliyeishi zama za Yesu, aliiona tofauti hiyo akaifanyia falsafa. Mimi nasema tu kwamba mtafsiri aliyempa Habili kisu hakutaka kisu hicho kionekane sana.

Mchungaji hakuridhika, nami sikutegemea aridhike. Mahubiri ya Habili mwenye maziwa yangehitaji kuandikwa upya yote, na Jumapili haiko mbali. Alichofanya ni kuhamia uwanja ambao alijua una nguvu: kwa nini neno hili na si jingine?

Mchungaji: Wagiriki walikuwa na madhabahu zao, mizimu yao na mafuta yao ya kuchoma. Watafsiri wetu hawakuchukua maneno ya kipagani. Walichagua neno safi. Je, nalo nimekosea?

Mwalimu: Nusu. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, ana maneno mawili ya mafuta ya sadaka. Moja ni demos. Jingine ni knise, ambalo ni shahamu inayofungiwa mifupa ya paja na pia ni harufu yake inayopanda kwa miungu. Stear kwa Homer haipo madhabahuni. Ipo katika Odyssey, kitabu cha 21: wachumba wanashindwa kuupinda upinde wa Odysseus, Antinous, mmoja wao, anaagiza donge kubwa la stear liletwe kutoka ndani ili waupashe moto na kuupaka. Ni grisi, Mchungaji. Watafsiri wa Torati walichukua neno la grisi wakalipeleka kwenye hema ya kukutania.

Mchungaji: Kwa makusudi!

Mwalimu: Labda. Kwa madhabahu ya Mungu walitumia thusiasterion, na lile la kawaida la Kigiriki, bomos, wakaliachia zaidi madhabahu za wapagani, kwa hiyo tahadhari hiyo walikuwa nayo. Lakini demos lilikuwa limebaki kwa washairi, na stear ndilo neno ambalo mganga, mpishi na mchinjaji wangelitumia. Mtu anaweza kuchagua neno safi kwa sababu tu ndilo linalotumika sokoni.

Ustadhi: Nina swali gumu kuliko hayo. Hesiodo, mshairi mwingine wa Kigiriki, anasimulia kwamba Prometheus aligawa ng'ombe mafungu mawili pale Mekone. Fungu moja nyama nzuri, kaificha ndani ya tumbo la ng'ombe. Fungu la pili mifupa mitupu, kaifunika kwa shahamu inayong'aa. Zeus akachagua shahamu, na tangu hapo watu wanakula nyama, miungu inapata mifupa na moshi. Sasa Walawi 3: Mungu anapata shahamu ya matumbo, figo mbili na kitambi cha ini, watu wanakula nyama. Tofauti iko wapi? Kote kote aliye juu anapewa kile ambacho meza haikitaki.

Mzee: Nani kakwambia meza haikitaki?

Ustadhi: Daktari wangu, Mzee.

Mzee: Daktari wako hajui njaa ya mchunga mifugo. Mnyama wa jangwani ni mkavu. Kwenye mzoga mzima shahamu yenyewe ni kidogo, na ndiyo inayompa mtu nguvu za safari, ndiyo ya taa, ndiyo ya kulainisha ngozi isipasuke. Siku hizi mteja anasimama mbele yangu anasema "niondolee mafuta", namwondolea, halafu anadhani na babu zake walikuwa hivyo. Nyama ilikuwa nyingi kuliko shahamu. Aliyetoa shahamu alitoa kilichouma.

Na ushahidi upo katika Samweli wa Kwanza 2, nauongeza mwenyewe kwa kuwa Mchungaji alikuwa bado anatafuta ukurasa. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walimtuma mtumishi adai nyama mbichi kabla shahamu haijateketezwa. Mwenye sadaka, raia wa kawaida, anamsihi: subiri kwanza shahamu ichomwe, kisha chukua utakacho. Mtumishi anatishia kutwaa kwa nguvu. Kosa lao halikuwa kula, maana makuhani walikuwa na fungu lao. Walitangulia mbele ya shahamu. Kama shahamu ingekuwa takataka ya kumtupia Mungu, kisa kizima kingekosa uzito, na yule mwananchi asiye na cheo asingethubutu kumpinga kuhani kwa ajili yake.

Mchungaji: Asante. Na hapo pana jibu la Prometheus. Kule shahamu ni kifuniko cha udanganyifu. Huku hakuna kilichofichwa. Kila mtu anaona nini kinachomwa na nini kinaliwa.

Ustadhi: Nakubali hilo la kifuniko. Ila hata katika vitabu vyenu Mungu anasema hali nyama ya mafahali, Zaburi ya 50. Kwetu Sura ya Hajj inasema nyama na damu hazimfikii, kinachomfikia ni uchamungu. Na Al-An'am, aya ya 146, inataja kwamba Mayahudi waliharamishiwa shahamu za ng'ombe na kondoo isipokuwa iliyoko mgongoni, au matumboni, au iliyochanganyika na mfupa. Angalieni inavyobagua: si kila mafuta.

Mwalimu: Marabi nao wanabagua. Heleb imekatazwa, shuman imeruhusiwa, na kazi ya kutenganisha moja na nyingine kwenye nyama ya nyuma ni ngumu kiasi kwamba katika nchi nyingi wachinjaji wa Kiyahudi huiuza sehemu hiyo yote kwa wasio Wayahudi. Mchungaji, hakuna anayepoteza nusu ya ng'ombe kwa ajili ya tamathali ya semi.

Mchungaji: Lakini Wakristo hatuishiki sheria hiyo, kwa hiyo kwetu imebaki tamathali.

Mwalimu: Haikubaki hata hiyo. Tafuta stear katika Agano Jipya lote la Kigiriki. Haimo. Damu imejaa kila ukurasa wa Waebrania, shahamu hakuna. Paulo anapotaka unono, katika Warumi 11, anatumia piotes, na ni wa mzeituni. Ile knise ya Homer, ndiyo, iliendelea kuishi: Origen, katika karne ya 3 BK, anasema mashetani hushiba moshi na harufu ya sadaka za wapagani. Harufu wakapewa mashetani, na shahamu ya Bwana ikasahauliwa na kanisa lake.

Naona Mwalimu alizidisha kidogo hapo mwisho. Kanisa lililosoma Zaburi 63 kila juma, pale nafsi inaposhibishwa kama kwa shahamu na unono, halikulisahau neno. Lilisahau figo. Msomaji wa karne ya 10 huko Konstantinopoli alijua stear ni kitu kitamu cha rohoni, na sidhani alimfikiria mtu mwenye mikono yenye mafuta akipasua tumbo. Hilo ndilo ninalowalaumu wahubiri wa "kilicho bora", kwa upole wote: ubora wao hauna harufu. Maana ya pili ina haki ya kuwepo kama ile ya kwanza bado inaonekana chini yake, na kwa Habili ni lazima mtu aamue kwanza kama kulikuwa na kisu. Mimi nikilazimishwa nitasoma shahamu, kwa sababu mstari unasema "katika shahamu zao", na maziwa ya mzaliwa wa kwanza si yake bali ya mama yake. Mzee anasema hiyo ni sarufi ya mtu asiyefuga.

Mzee: Mwalimu, hao watafsiri wako unaowasifu. Mkia waliuandikaje?

Mwalimu: Mkia upi?

Mzee: Kondoo wa Umasaini mkia wake mnene, mafuta matupu. Ukimchinja, mkia ndio unaotangulia kuulizwa. Nimesomewa hapa Walawi 3 mstari wa 9, panatakiwa mkia mzima wa mafuta, ukatwe karibu na uti wa mgongo. Wagiriki wako waliandika nini?

Mwalimu: Waliandika osfus. Kiuno.

Mzee: Kiuno?

Mwalimu: Inawezekana kondoo wa namna hiyo hakuwa wa kawaida kwao, Mzee. Herodoto anawaelezea kama ajabu ya Uarabuni, mikia mirefu hadi wachungaji wanawatengenezea vigari vya kuibebea.

Mzee: Mtu haoni mkia wa kondoo, halafu mnataka nimwamini kwenye figo.

Mwalimu: Kwenye figo alipatia.

Mchungaji: Na kwenye Egloni je?